Mguu Bado Unakua

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka chumba kimoja zitapigana. Moja yasema samaki mkunje angali mbichi. Nyingine yasema haraka haraka haina baraka. Nenda kijiwe chochote cha kahawa hapa Dar es Salaam, utakuta wapenzi wa kandanda wamegawanyika katikati ya methali hizo. Kinda wa miaka 18 akifunga magoli matatu katika mechi mbili, nusu ya kijiwe inapiga kelele, "Mpeni miaka mitano kabla hajaibiwa!" Nusu nyingine inajibu, "Tulieni nyie, huo ni moto wa mabua." Kahawa inakwisha, giza linaingia, kila mtu anakwenda kwake na msimamo wake.

Mimi si kocha wala si mwanasheria. Nilimaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Lakini swali hili limenikaa kichwani, na kwa kuwa napenda kujua mambo yalikotoka, nikaanza kufuatilia historia ya mikataba ya wachezaji. Nilichokikuta ni hiki: mara nyingi klabu haimpi kijana mkataba mrefu kwa sababu kijana amefika wakati wake. Inampa kwa sababu yenyewe imeogopa. Na hofu, kama tutakavyoona, haijui kusoma umri wala mwili wa mtu.

MKATABA MFUPI, KIFUNGO KIREFU

Tuanzie Uingereza, kwani huko ndiko mpira wa kulipwa ulikopata sheria zake za mwanzo. Chama cha soka cha huko kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885, na ligi ikaanza mwaka 1888. Mwaka 1893 ligi ikaleta utaratibu wa kusajili na kumbakiza mchezaji. Kwa utaratibu huo, mchezaji akishasajiliwa na klabu, hawezi kuchezea klabu nyingine ya ligi bila ruhusa ya ile ya kwanza, hata kama mkataba wake umekwisha.

Hapo, msomaji wangu, ndipo pa kushangaza. Mikataba ya wakati ule ilikuwa mifupi, ya mwaka mmoja tu. Lakini mwaka ukiisha klabu ilikuwa na haki ya kumbakiza mtu kwa masharti yake. Akiyakataa hapati mshahara, na kuondoka hawezi. Juu ya hayo, tangu mwaka 1901 kulikuwa na kiwango cha juu cha mshahara, pauni 4 kwa wiki, na kufikia mwaka 1961 kilikuwa kimepanda hadi pauni 20 tu. Uwe fundi wa kusakata kabumbu au uwe wa kawaida, dari ni moja. Dari hilo liliondolewa Januari 1961, baada ya wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia kugoma.

Basi tusidanganywe na idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye karatasi. Wachezaji wale walisaini mwaka mmoja na wakafungwa maisha. Klabu haikuwa na haja hata kidogo ya kujiuliza lini impe kijana mkataba mrefu. Kwa nini ijiulize, wakati kijana hana pa kwenda?

Aliyekata mnyororo huo aliitwa George Eastham. Alikuwa Newcastle United, mkataba wake ukaisha mwaka 1960, akakataa kusaini mwingine. Klabu nayo ikakataa kumwachia. Kijana wa watu akaacha mpira, akaenda kusini mwa nchi kufanya kazi ya mauzo, ilimradi mkono uende kinywani. Baadaye mwaka huohuo Newcastle ikalegea, ikamuuza Arsenal kwa pauni 47,500. Wengine wangeshukuru Mungu na kunyamaza. Eastham aliendelea na kesi, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule wa kumbakiza mtu ulikuwa unamzuia kufanya kazi yake isivyo haki. Haukufa siku ile, lakini ulivunjika mgongo, na kufikia mwaka 1978 wachezaji wa Uingereza walikuwa wamepata haki ya kuhama mkataba ukiisha, japo klabu mpya ilipaswa kulipa.

MBELGIJI ALIYEBADILI KILA KITU

Hilo la "klabu mpya ilipaswa kulipa" ndilo lililomkuta Jean-Marc Bosman, kiungo wa RFC Liège ya Ubelgiji. Mwaka 1990 mkataba wake ulikwisha. Klabu ikamtaka asaini mwingine wa mshahara uliopunguzwa vibaya sana. Yeye akapata nafasi Dunkerque, Ufaransa, lakini uhamisho ukakwama kwa sababu ya habari za malipo. Akabaki njia panda: kwao hachezi, ugenini haendi. Akaenda mahakamani, na kesi ikazunguka miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, ikatoa hukumu: mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha yuko huru kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo, na klabu yake ya zamani haina haki ya kudai hata senti.

Bosman mwenyewe hakuneemeka. Miaka yake bora iliishia kwenye korido za mahakama, na maisha yake ya baadaye yalikuwa ya shida. Walioneemeka ni waliomfuata. Mwaka 1999 Steve McManaman, kijana aliyelelewa Liverpool, alimaliza mkataba wake akaenda Real Madrid bila klabu yake kuambulia kitu. Mwaka 2001 Sol Campbell, aliyekulia Tottenham, alimaliza wake akavuka barabara kwenda kwa mahasimu wakubwa, Arsenal. Bure kabisa! Hebu fikiria Simba imlee mtoto mpaka awe nahodha, halafu aende Yanga na Simba ibaki inapiga miayo.

Hapo ndipo mkataba mrefu ulipozaliwa upya. Zamani klabu ilikuwa na mnyororo bila kuhitaji miaka mingi. Sasa mnyororo umekatwa, kilichobaki ni miaka tu. Kila mwaka unaopungua kwenye mkataba ni fedha inayoyeyuka. Kwa hiyo viongozi wa klabu wakaanza kuwahi: kinda akionyesha dalili, kalamu inatolewa. Hawamuulizi kocha kama mtoto amekomaa. Wanaangalia kalenda.

FIFA nayo ikaweka mipaka. Katika kanuni zake za uhamisho zilizoanza mwaka 2001, mkataba usizidi miaka mitano, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu zaidi. Na kwa mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18, kanuni za FIFA haziruhusu zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo maana hata Lamine Yamal wa Barcelona, pamoja na maajabu yake yote, mkataba wake wa mwaka 2023 akiwa na miaka 16 uliishia 2026 tu. Ule mrefu, hadi 2031, ulikuja mwaka 2025, mwaka aliotimiza miaka 18. Sheria hiyo inatamka jambo ambalo kijiwe husahau: huyu ni mtoto, na mtoto hajui atakuwa nani akifika 22. Klabu nayo haijui.

WATU WATANO KATIKA PICHA MOJA

Sasa nikupeleke kwenye picha moja ambayo mimi naiona kama riwaya nzima. Ilipigwa Desemba 2012, London. Arsène Wenger, kocha wa Arsenal, amekaa na vijana watano wa Kiingereza na Kiwelsi, wote wamesaini mikataba mirefu kwa mpigo: Jack Wilshere, Aaron Ramsey, Alex Oxlade-Chamberlain, Kieran Gibbs na Carl Jenkinson. Mkubwa wao, Gibbs, ana miaka 23. Mdogo, Oxlade-Chamberlain, ana 19. Wote wanatabasamu.

Kwa nini wote siku moja? Je, walikomaa wote wiki ileile, kama maembe ya mti mmoja? Hapana. Arsenal ilikuwa imeumwa na nyoka. Mwaka 2011 Samir Nasri, akiwa amebakiza mwaka mmoja, aliondoka kwenda Manchester City. Mwaka 2012 nahodha Robin van Persie, naye akiwa amebakiza mwaka mmoja, aliuzwa Manchester United kwa pauni milioni 24, na huko akaenda kuwapa ubingwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Arsenal ikaamua kuwafunga kamba vijana wake mapema. Ilikuwa hofu, japo ilivaa suti na tabasamu.

Tuwatazame mmoja mmoja.

Wilshere ndiye aliyekuwa lulu. Alianza kuchezea timu ya wakubwa mwaka 2008 akiwa na miaka 16. Februari 2011, akiwa na miaka 19, aliwazungusha viungo wa Barcelona, Xavi na Iniesta wakiwemo, mpaka dunia ikauliza huyu ametoka wapi. Lakini msimu ule wa 2010/11 klabu ilimchezesha mechi 49. Mechi 49, mtoto wa miaka 19! Kifundo cha mguu kikaanza kumletea matatizo, na msimu wote uliofuata hakucheza hata mechi moja ya ligi. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Oktoba 2012. Mkataba mrefu akasaini Desemba, haijapita hata miezi miwili tangu arudi. Baadaye mguu ulimsaliti tena na tena. Mwaka 2018 mkataba ukaisha, akaondoka bila ada kwenda West Ham. Julai 2022, akiwa na miaka 30 tu, alitangaza kustaafu. Mwaka huohuo Arsenal ilimrudisha kufundisha timu yake ya vijana wa chini ya miaka 18.

Jenkinson ni hadithi ya pili. Mwezi mmoja tu kabla ya picha ile, Novemba 2012, alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Uingereza dhidi ya Sweden. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Nyota ilikuwa juu siku anayosaini, lakini baadaye alipelekwa kwa mkopo huku na kule, na mwaka 2019 akaondoka kwenda Nottingham Forest. Karibu miaka saba tangu picha ile, na nafasi ya kudumu hakuipata.

Gibbs alicheza miaka kadhaa, akauzwa West Brom mwaka 2017. Oxlade-Chamberlain aliuzwa Liverpool mwaka huohuo kwa pauni milioni 35, na huko akapata medali ya Ulaya mwaka 2019 na ya Ligi Kuu mwaka 2020. Lakini angalia: aliuzwa akiwa amebakiza mwaka mmoja. Ule ugonjwa wa van Persie ambao picha ilikusudiwa kuuponya ulirudi baada ya miaka mitano.

Wa tano ni Ramsey, na huyu ndiye aliyenifundisha zaidi. Februari 2010, akiwa na miaka 19, alivunjwa mguu vibaya kule Stoke. Alipopona alipelekwa kwa mkopo kutafuta miguu yake upya. Aliporudi Arsenal hakuwa yule wa kwanza, na mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Siku ya picha ile, kama ungewauliza mashabiki nani kati ya hawa watano hastahili, wengi wangemwonyesha yeye. Lakini klabu ilikuwa imemwona akivunjika na ikamwona akiinuka taratibu. Msimu wa 2013/14 akalipuka. Mei 2014, kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Hull, ni yeye aliyefunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza, na Arsenal ikapata kombe lake la kwanza tangu mwaka 2005. Mwaka 2017 akarudia: bao la ushindi, fainali ileile ya FA, mara hii dhidi ya Chelsea.

Sasa niambie, ndugu yangu. Kijana aliyesaini akiwa anang'ara alizimika. Aliyesaini akiwa anazomewa ndiye aliyeleta makombe. Tofauti yao iko wapi? Kwa maoni yangu, Ramsey alikuwa ameshajibu swali ambalo Wilshere alikuwa hajapewa muda wa kulijibu: ukianguka, unaamkaje? Miezi miwili haitoshi kulijibu.

Lakini nisiwe mwonevu. Kwa upande wa klabu, mkataba wa Wilshere ulikuwa na hasara ndani yake. Kwa upande wa Wilshere mwenyewe ulikuwa paa. Mguu ulipouma, mshahara uliingia. Laiti angekuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja kama wa wazee wa mwaka 1893, angetupwa nje kama ganda la muwa. Kwa hiyo tunapouliza lini mkataba mrefu utolewe, lazima tuulize pia: mambo yakiharibika, nani atabeba mzigo?

ALIYECHELEWESHWA

Mwaka uleule wa 2012, kaskazini mwa Uingereza, kulitokea kosa la upande wa pili. Paul Pogba aliingia Manchester United mwaka 2009 akiwa na miaka 16, akitokea Le Havre ya Ufaransa. Msimu wa 2011/12 alikuwa ameiva kwa timu ya wakubwa, au yeye aliamini hivyo, lakini kocha Alex Ferguson alimpa dakika za kuonja tu. Wakati huohuo mkataba wake ulikuwa unakwisha. Mazungumzo yakakwama, kijana na wakala wake wakaondoka kwenda Juventus. United ikaambulia fidia ndogo ya malezi.

Kule Italia Pogba alichukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo. Agosti 2016 Manchester United ikamnunua tena kwa pauni milioni 89, rekodi ya dunia wakati ule. Mtoto aliyetoka mlangoni kwa bei ya nyanya alirudi kwa bei ya ghorofa.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa kutompa mkataba mrefu mapema. Mimi naona kosa lilikuwa kutompa nafasi. Mkataba wa miaka mitano bila dakika za kucheza ungekuwa kifungo kingine cha akina Eastham. Kijana wa miaka 19 haombi fedha peke yake, anaomba kujua kesho yake iko wapi.

MAHESABU YA CHELSEA

Baada ya hofu na uzembe, ikaja hesabu. Chelsea ilipata wamiliki wapya mwaka 2022, na Januari 2023 wakaanza kusainisha vijana kwa miaka ambayo hatujawahi kuisikia. Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández, wote wa miaka 22, walipewa miaka minane na nusu kila mmoja.

Sababu mojawapo ilikuwa kwenye daftari la mhasibu. Klabu ikinunua mchezaji, kwenye vitabu vyake bei ile inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Chukua mfano wa mchezaji wa pauni milioni 80. Mkataba wa miaka mitano unaandika gharama ya milioni 16 kila mwaka. Mkataba wa miaka minane unaandika milioni 10. Kwa kuwa kuna sheria za kubana matumizi, mkataba mrefu ukawa njia ya kununua wengi kwa mkupuo. UEFA ikashtuka, na kuanzia majira ya kiangazi ya 2023 ikaamua kwamba kwenye hesabu zake bei haitagawanywa kwa zaidi ya miaka mitano. Desemba mwaka huo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza nazo zikapiga kura kufuata mkondo huo.

Matokeo yake? Mchanganyiko. Cole Palmer, aliyenunuliwa kutoka Manchester City mwaka 2023 akiwa na miaka 21 na kupewa miaka saba, alifunga mabao 22 ya ligi msimu wake wa kwanza, na mwaka 2024 akaongezewa hadi 2033. Mudryk hakuwahi kutulia, na Desemba 2024 ikatangazwa kwamba vipimo vyake vya dawa zisizoruhusiwa vilikuwa na walakini, akasimamishwa. Hakuna mhasibu ambaye angelijua hilo siku ya kusaini. Miaka minane ni mirefu jamani. Mtoto anayeanza darasa la kwanza siku hiyo atakuwa sekondari ukiisha.

TURUDI NYUMBANI

Usidhani haya ni ya Wazungu tu. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto wetu, aliiandikia Yanga kwamba anauvunja mkataba uliokuwa umebakiza zaidi ya mwaka, akaweka Sh milioni 112 kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu. Yanga ikakataa. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Ikawa kasheshe ya nchi nzima. Kijana akakaa nje ya uwanja nusu msimu, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan akalizungumzia Ikulu mwezi Juni, na siku chache baadaye Yanga na Azam zikamalizana.

Vijiweni wengine walimwita mtovu wa shukrani, wengine wakaiita klabu katili. Mimi naangalia ile milioni 12. Gawanya kwa tatu, unapata milioni 4 kwa mwezi, kwa mchezaji ambaye alishakuwa nguzo ya klabu na ya Taifa Stars. Siku anasaini huenda zilikuwa nyingi. Kijana alikua, mkataba haukukua. Mkataba mrefu usiopitiwa katikati ni kama kaptura ya darasa la tatu uliyomvalisha mtu wa kidato cha nne. Itapasuka, na itapasukia hadharani.

Mfano mzuri tunao pia. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Pale alipambana na watu wazima zaidi ya miaka minne, akawa bingwa wa Afrika mwaka 2015 na miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo. Januari 2016, akiwa na miaka 23, ndipo Genk ya Ubelgiji ikampa miaka minne na nusu. Genk ikawa bingwa mwaka 2019, na Januari 2020 akauzwa Aston Villa. Klabu ilifaidi, na mchezaji alifaidi.

Na wapo ambao hawataandikwa gazetini. Rafiki yangu mmoja, tuliyekalia naye dawati moja, alisainishwa na klabu fulani akiwa na miaka 17. Hakuna mzazi aliyekuwepo. Karatasi ilisema miaka mitano, na nakala haikupewa yeye. Msimu wa kwanza alikaa jukwaani. Alipotaka kwenda timu nyingine akaambiwa alete fedha. Zile kanuni za FIFA za miaka mitatu hakuwahi kuzisikia. Leo anaendesha bodaboda, na mguu wake wa kushoto bado una mashuti ambayo yangekutoa machozi.

Nilimwendea mzee mmoja anayefundisha timu ya watoto mtaani kwetu, nikamuuliza kuhusu mambo haya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na daftari?"

"Nataka kujua, mzee wangu. Wewe unamjuaje mtoto ambaye kweli atafika?"

Akacheka. "Mimi simtazami siku aliyofunga. Siku hiyo kila mtu ni mchezaji. Namtazama wiki niliyomweka benchi. Atakuja mazoezini? Atakuja saa ngapi? Basi. Na mguu wake bado unakua, mwanangu. Leo ana mbio, kesho kutwa amerefuka, mbio zimepotea. Ngoja kwanza mwili utulie."

BASI LINI?

Kutokana na historia hii, mimi naona klabu ijiulize mambo matatu kabla ya kutoa kalamu. Kwanza, je, kijana amecheza na watu wazima msimu mzima au zaidi, au tumelewa mechi tatu? Pili, je, ameshaanguka akaamka, na daktari anasemaje juu ya mwili wake? Tatu, je, kuna nafasi ya kucheza inayomsubiri, au tunataka tu asiende kwa jirani? Kama majibu ni mazuri, impe mkataba mrefu bila kusubiri mwaka wa mwisho, kwani huko ndiko kulikowapoteza akina Pogba. Kikao kifanyike mkataba ukiwa bado na miaka miwili, watu wakiwa wametulia. Kama majibu bado, mkataba wa miaka miwili au mitatu unatosha, wenye ngazi ndani yake: mechi zikiongezeka, mshahara unapanda, na akiumia anatibiwa na kulipwa. Hofu ya jirani isiwe sababu, wala ujanja wa daftari.

Na wewe kijana unayekukimbiza mpira pale mchangani, usiogope mkataba mfupi wala usilewe mrefu. Nenda na mzazi au mjomba anayejua kusoma vizuri. Soma kila mstari, uliza mambo yakiharibika nani atabeba mzigo, na usitoke chumbani bila nakala yako mkononi.

Nasi tunaoota kuandika vitabu tuna miguu inayokua pia. Ipo siku mtu atakuja na karatasi kuhusu muswada wako wa kwanza, na njaa itakuwa inakwambia saini haraka. Kumbuka Eastham aliyesaini mwaka mmoja mmoja na akakuta hawezi kuondoka. Hesabu miaka, ndiyo, lakini tafuta kwanza ule mstari unaosema utatokaje.